Maswali Yanayoulizwa Sana Kuhusu CV: Namna ya Kuandika CV Itakayokufikisha Kwenye Usaili

Nimefanya kazi kitengo cha rasilimali watu kwenye kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa hapa Dar kwa miaka 6, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kufungua maombi ya watu na kuyachambua, hili libaki hili litoke. Siku hizi vijana wa mtaani kwetu na wadogo wa marafiki zangu wananiletea CV zao niwaangalizie, na maswali yanajirudia yaleyale, kwahiyo nimeamua kuyajibu yote sehemu moja. Nitaongelea zaidi Tanzania maana ndo ninapopajua, ila ndugu zetu wa Kenya nao wana swali lao humu.

Kitu nilichokiona kwenye CV nyingi zinazoishia kwenye droo ni kwamba zinasema mtu alikuwa nani, hazisemi alifanya nini. "Muuzaji, 2019 hadi 2022." Sawa, uliuza nini, uliwauzia akina nani, ulikuwa unashika nini mkononi kuanzia asubuhi mpaka jioni? Hilo utaliona linarudi kwenye majibu mengi hapa chini kwasababu ndo ugonjwa wenyewe.

CV na resume ni vitu viwili tofauti?

Kwetu huku watu wanatumia majina yote mawili kumaanisha karatasi ileile. Ila ukikuta tangazo la kampuni ya Marekani linataka resume wanamaanisha kitu kifupi, ukurasa 1 au 2, na ukiomba kazi ya kufundisha chuo kikuu, CV inaweza kuwa ndefu sana kwasababu unaorodhesha machapisho na tafiti zako zote. Wewe unayeomba uhasibu, udereva, stoo au mapokezi hilo lisikusumbue.

Iwe kurasa ngapi?

Kama umemaliza chuo juzi, ukurasa 1 unatosha, ukizidi sana 2. Mwenye uzoefu wa miaka mingi 2, mara chache 3. Nimeshapokea CV ya kurasa 7 ya kijana wa miaka 24, ndani kuna semina ya siku moja ya kila mwaka na orodha ya mada alizosoma, na kitu nilichokuwa nakitafuta mimi, yani kama amewahi kushika stoo, kilikuwa ukurasa wa 5. Mimi nilifika ukurasa wa 5 kwasababu nina tabia ya kusoma mpaka mwisho. Wengine hawafiki.

Sina uzoefu kabisa, nimemaliza chuo mwaka jana. Naandika nini?

Hili swali ndo naulizwa kuliko yote na karibu kila anayeniuliza ana uzoefu ila hauiti uzoefu. Umeenda fildi, yani mafunzo ya kazi kwa vitendo? Umejitolea kufundisha shule ya kata ya kwenu wakati unasubiri majibu? Umekuwa mweka hazina wa kwaya, wa jumuiya, wa kikundi cha chuo? Umepita JKT? Umemsaidia mama kuandika daftari la VICOBA? Vyote hivyo ni kazi, havikuwa na mshahara tu.

Chukua fildi. Kijana mmoja wa diploma ya uhasibu aliniletea CV ameandika "Fildi, idara ya fedha, halmashauri, wiki 8" akaweka nukta. Nikamuuliza ulikuwa unafanya nini, akasema hamna, walikuwa wananipa vocha nizipange tu. Vocha za nini? Za malipo. Unazipangaje? Kwa namba na kwa mwezi. Ukikuta moja haina risiti je? Naiweka pembeni nampelekea mhasibu. Kwa siku vocha ngapi? Kama 60 hivi. Basi tukakaa tukaandika kwamba amepanga na kukagua viambatanisho vya vocha za malipo takribani 60 kwa siku, amezitenga zenye upungufu na kuziwasilisha kwa mhasibu, ameshuhudia malipo yakiingizwa kwenye MUSE, mfumo wa malipo ya serikali. Angalia hapo, tumeandika "ameshuhudia" kwasababu hakuwahi kuingia yeye mwenyewe kwenye mfumo, na akiulizwa kwenye usaili anajibu bila kutetemeka. Mistari 3 tu na kila neno ni kweli, ila sasa hivi anayeisoma anamuona mtu akiwa mezani anafanya kazi.

Kwa mtu wa aina hii elimu ikae juu, fildi na kujitolea vifuate. Ukishakuwa na kazi ya miaka 2 au 3, geuza, kazi ipande juu elimu ishuke.

Nilikuwa nauza duka la mjomba Kariakoo. Hiyo nayo inaingia kwenye CV?

Inaingia, na mara nyingine ndo kitu chenye nguvu kuliko cheti chako.

Kuna dada alinijia, ameuza duka la vitenge Kariakoo miaka 3, anaomba kazi ya mauzo, na hiyo miaka 3 ameifuta kabisa kwenye CV kwasababu anaona aibu, kabakiza diploma yake. Nikamwambia nieleze siku yako. Akaanza: nafika saa 2 nafungua, mzigo ukija napokea marobota nahesabu na karatasi ya dalali, wateja wa jumla wengi wanatoka Zambia na Congo, wa Lubumbashi wanataka maua makubwa na rangi kali, nikishauza natoa risiti ya EFD (mashine ya kodi), mzigo unafungwa unaenda kwenye basi la Tunduma, mteja ananitumia hela kwa simu, jioni nafunga hesabu, Jumamosi tunahesabu stoo. Nilikuwa naandika tu huku anaongea. Tukaitoa hivi:

- Nimeuza vitenge kwa jumla na rejareja kwa wateja wa Tanzania, Zambia na Congo.
- Nimepokea na kuhakiki mizigo, na kuhesabu stoo kila wiki.
- Nimetoa risiti za EFD na kufunga hesabu za fedha taslimu na malipo ya simu kila siku.
- Nimefuatilia mizigo ya wateja wa nje mpaka inapowafikia.

Hakuna chuo kinachofundisha rangi gani inauzika Lubumbashi, mtu wa mauzo akisoma hapo atataka kukuona. Kitu kimoja tu, jina la duka na namba ya mjomba ziwe sahihi na mjomba ajue anaweza kupigiwa. Bodaboda, mama lishe, fundi simu, wakala wa miamala, wote mnaweza kufanya zoezi hilihili: simulia siku yako kwa sauti, mtu aandike.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Fuata lugha ya tangazo. Tangazo likiwa la Kiswahili, kama yale ya halmashauri ya madereva, watendaji wa vijiji na waandishi waendesha ofisi, Kiswahili kinafaa kabisa. Kampuni binafsi nyingi, mabenki na mashirika wanatangaza kwa Kiingereza, hapo andika Kiingereza, ila andika Kiingereza unachoweza kukiongea. Usichanganye lugha mbili kwenye CV moja, na ukishaandika mpe mtu asome, kosa la herufi kwenye jina la cheo unachokiomba linauma sana kulitazama.

Mimi nawashauri waanze kuandika kwa Kiswahili hata kama CV itakuwa ya Kiingereza, yani kwanza useme ukweli wa kazi yako kwa lugha unayoota nayo, ndo uihamishe. Wanaoanza na Kiingereza wanaishia kunakili sentensi za watu.

Naweza kutuma CV moja kila sehemu?

Unaweza, na ndo maana wengi hawaitwi. Tangazo ni mtihani ambao maswali yake umeshapewa. Mfano matangazo ya udereva serikalini yana maneno yanayojirudia: cheti cha kidato cha nne, leseni daraja la C au E, awe amefanya kazi angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, awe na cheti cha mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Hayo ni mambo 4. Sasa dereva anatuma CV imeandikwa "dereva mzoefu, mchapakazi, mwaminifu", leseni daraja gani hajasema, VETA alipita ila hajasema, ajali hajawahi kupata hajasema. Anayechambua ana orodha yenye vibox 4 na hana cha kutiki hata kimoja.

Kaa na tangazo na kalamu, pigia mstari kila wanachokitaka, alafu hakikisha kila ulichokipigia mstari, kama kweli unacho, kinaonekana nusu ya kwanza ya ukurasa wako wa kwanza na kwa maneno yaleyale waliyotumia wao. Ni kazi ya nusu saa. Na kampuni kubwa zinazopokea maombi kwenye mifumo ya kompyuta, mara nyingi mfumo ndo unaotafuta maneno hayo kabla binadamu hajaona.

Picha, dini, kabila, hali ya ndoa, niweke?

Dini na kabila toa. Hali ya ndoa na idadi ya watoto toa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza mwajiri kubagua mtu kwa mambo hayo, sasa wewe usimpelekee mwenyewe mkononi. Picha weka wakiomba tu. Tarehe ya kuzaliwa inategemea, serikalini wanaangalia umri kwahiyo iweke, kampuni binafsi sio lazima.

Na namba ya NIDA?

Usiiweke kwenye CV. Zile tarakimu 20 za kitambulisho cha taifa zinatumika kusajili laini na mambo mengine mengi, na CV yako hujui itapita mikono mingapi, steshenari wanabaki nayo kwenye kompyuta, magrupu ya WhatsApp inazunguka. Utaijaza pale mfumo rasmi utakapoitaka.

Simu na imeili ziweje?

Namba 2, zote ziwe hewani. Nakumbuka mtu mmoja wa stoo, CV yake ilikuwa nzuri kuliko zote, tukampigia siku 2 namba haipatikani, hakuwa na namba nyingine, tukamchukua wa pili. Bado namfikiria. Ukibadilisha laini, badilisha CV siku hiyohiyo. Imeili iwe jina lako, sio jina la utani la kidato cha pili, na iwe unayoifungua kila siku.

Ile sehemu ya malengo juu kabisa inahitajika?

Ile ya "kufanya kazi kwenye mazingira yenye changamoto ili kukuza taaluma yangu na ya kampuni" ifute leo. Naijua kwa moyo, nimeisoma mamia ya mara, imetoka kwenye faili moja la steshenari inazunguka nchi nzima. Weka mistari 2 au 3 inayosema wewe ni nani kikazi: "Karani wa stoo mwenye uzoefu wa miaka 4 kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, natumia Excel kutunza kumbukumbu za bidhaa, nina leseni ya kuendesha foklifti." Inatosha.

Na sehemu ya ujuzi?

Andika vitu vinavyoweza kupimwa. Uchapakazi, uaminifu, kufanya kazi chini ya shinikizo, kila mtu kaandika. Excel ya kiwango gani, unaweza kutengeneza jedwali na kujumlisha au unaifungua tu? Lugha gani na kwa kiwango gani? Na ukiandika unajua kompyuta alafu CV yenyewe nafasi zake umezisogeza kwa kubonyeza spesi bari mpaka mistari imepinda, tumeshaona jibu.

Nina gepu la miaka 2, nilikuwa namuuguza mama.

Andika mstari mmoja, "2021 hadi 2023, majukumu ya kifamilia", na kama ulifanya chochote katikati, hata kufuga kuku au kozi fupi, kiongeze. Gepu lililotajwa halitishi mtu. Linaloleta maswali ni pale unapovuta tarehe za kazi ya zamani kulifunika, alafu mwajiri wako wa zamani anapigiwa anasema huyu aliondoka Machi 2021.

Fomu foo nilipata divisheni foo. Niandike?

Kama una diploma au digrii, andika shule na mwaka, daraja sio lazima ulitaje kwenye CV isipokuwa tangazo limeuliza. Cheti chenyewe watakiona. Usikifiche kidato cha nne kabisa kwasababu serikalini bila cheti hicho maombi hayaendi popote.

Nikiongeza chumvi kidogo kuna shida?

Iko shida, tena kubwa. Mwaka 2017 serikali ilitangaza watumishi wa umma 9,932 waliobainika na vyeti vya kughushi baada ya uhakiki, wakaondolewa kazini, wengine wakiwa wametumikia miaka mingi na wana familia zinazowategemea. NECTA wana kumbukumbu za mitihani, vyuo navyo vina kumbukumbu, na kuhakiki ni rahisi kuliko zamani. Hata kama sio cheti, ukiandika ulikuwa msimamizi na ulikuwa msaidizi, mtu mmoja wa ile ofisi anaweza kuwa mezani siku ya usaili wako. Kazi yako halisi ukiieleza vizuri haihitaji chumvi, rudi juu ukamwangalie dada wa vitenge.

Wadhamini niweke akina nani?

Watatu, na wawe watu waliokuona ukifanya kazi: msimamizi wa fildi, mwalimu wako wa chuo, bosi wa zamani. Baba mdogo ambaye ni diwani hajawahi kukuona ukifunga hesabu. Alafu waombe ruhusa, shikamoo mwalimu, naomba nikuweke kama mdhamini kwenye maombi ya kazi fulani, umtumie na tangazo. Nimewahi kumpigia mdhamini akaniuliza "huyo nani?" mara 2, na mwombaji hakujua kamwe kilichomwangusha.

Ajira Portal ya serikali, CV inafanyaje kazi kule?

Kule unajaza taarifa zako kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na CV inakuwa moja ya viambatanisho, kwahiyo kinachokuangusha mara nyingi sio CV, ni nyaraka. Soma masharti ya jumla chini ya tangazo, watu wanayaruka. Resalti slipu za fomu foo na fomu siksi hazipokelewi, wanataka cheti chenyewe. Matokeo ya muda ya chuo hayapokelewi. Aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake vipite NECTA (vya sekondari), TCU (vya vyuo vikuu) au NACTVET (vya vyuo vya kati na ufundi) kwa uhakiki kwanza. Barua ya maombi iwe imesainiwa, nimeona watu wengi wanachapa, wanapakia, saini hakuna. Matangazo mengi yanasema umri usizidi miaka 45, na mwenye ulemavu anaelekezwa aonyeshe hilo kwenye mfumo, fanya hivyo ili wajiandae kukupokea. Tarehe za kwenye CV ziwe sawasawa na ulizojaza kwenye mfumo.

Majina yangu kwenye vyeti hayafanani.

Hili lishughulikie kabla hujaona tangazo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Halima, cha fomu foo kinasema Halma, NIDA kuna jina la babu limeongezeka. Nenda kwa wakili upate kiapo cha majina au didi poli kulingana na tofauti yenyewe, na jina la kwenye CV lifuate vyeti, sio jina ulilozoea kuitwa nyumbani.

Naruhusiwa kutumia ChatGPT?

Tumia kusahihisha lugha. Ukiiambia ikuandikie CV bila kuipa maelezo yako itakutungia mtu ambaye sio wewe, mwenye sifa nyingi na hana hata siku moja ya kazi inayoeleweka. Ipe yale uliyosimulia, alafu futa kila neno ambalo ukiulizwa huwezi kulieleza.

Natumaje?

PDF, sio Word, maana Word ikifunguliwa kwenye simu nyingine mistari inaruka. Jina la faili liwe jina lako na nafasi, sio "CV mpya final 3". Vyeti viskani vizuri, sio picha ya usiku yenye kivuli cha mkono. Kama wanataka faili moja unganisha liwe moja. Na kwenye imeili andika maneno, angalau salamu, nafasi unayoomba, ulichoambatanisha na namba yako. Imeili tupu yenye kiambatanisho peke yake inasikitisha, ni kama mtu ameingia ofisini ameweka bahasha mezani akatoka bila hodi.

Mimi niko Kenya, kuna tofauti?

CV yenyewe inafanana. Tofauti iko kwenye nyaraka, kazi za serikali huko wanataka vibali vya Sura ya Sita ya Katiba ya 2010: cheti cha mwenendo mwema cha DCI (idara ya upelelezi), vibali vya HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), KRA (mamlaka ya mapato) na EACC (tume ya kupambana na rushwa), na ripoti ya CRB (kumbukumbu za mikopo yako). Tangazo lingine linavitaka mwanzoni, lingine baada ya kuchaguliwa, kwahiyo soma kabla hujatumia hela.

Nimeitwa ila wanataka nitume elfu 30 ya fomu.

Usitume. Mwajiri wa kweli hauzi usaili. Wanaofanya hivi wanachukua namba kutoka kwenye CV zilizotupwa kwenye magrupu, ndo sababu nyingine ya kutozimwaga CV kila mahali.

Nimetuma 40 sijaitwa hata moja. Nifanyeje?

Pole sana, najua inavyochosha, hasa nyumbani wakianza kuuliza. Simamisha kutuma kwa siku 3. Chukua tangazo moja unaloliweza kweli, liweke pembeni ya CV yako, mpe mtu ambaye hajui kazi yako, dada yako au jirani, mwambie asome CV kwa dakika 1 kisha akueleze wewe unafanya nini kazini. Akisema "umesoma uhasibu", bado. Akisema "ulikuwa unakagua vocha na kutenga zenye makosa", tuma.